Ufunguzi wa Mzee Mahmud

Garsen,
14 Juni 1998.

Kwako kaka yangu Haroun,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Afrah na watoto, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kiwe kimepoa. Sisi huku tu wazima kwa kadiri watu wa Garsen wanavyoweza kuwa wazima mwaka huu, yaani tunaamka. Shangazi anakusalimu sana. Miguu yake bado yavimba, lakini ulimi haujavimba hata kidogo, na kila siku anauliza lini utakuja. Mto umerudi ndani ya kingo zake na unapita kwa adabu, ungedhani si ule. Harufu ya mizoga imekwisha, alhamdulillahi.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa basi la Mombasa. Shangazi alitaka nimsomee, nikamsomea, ila mahali pengine niliruka. Umesema hutasimama kuwa walii wangu. Umesema Athmani aliisikia tarumbeta ya baba ikiomba msaada, akaifungua boti, akaingia majini, kisha akageuza akarudi Garsen kunywa chai, na kwamba mkono wa mtu kama huyo hutautia mkononi mwako kumwoza dada yako. Umesema habari ya kwamba baba alipiga Mbio za arusi ni uongo aliouzua Athmani ili ajifiche nyuma yake, na kwamba mimi naushuhudia uongo huo kwa sababu mapenzi yamenipofusha. Tena umesema kama naona haraka niende kwa kadhi. Yote hayo umeyaandika kwa wino mwekundu, kaka, kama mwalimu aliyekasirishwa na darasa zima.

Kwa kadhi sitaki kwenda. Najua atanioza, na sheria inamruhusu. Lakini baba hayupo, mama alitangulia zamani, na katika dunia hii waliobaki wanaoujua utoto wangu ni wewe na Shangazi. Nataka kutoka mkononi mwako au nisitoke. Na Athmani nampenda, nakuambia waziwazi kwa kuwa karatasi haioni haya. Basi nivumilie, maana nitaandika kwa urefu, na nitaanza mbali.

Nitaanza na Ufunguzi. Wewe waujua kuliko mimi, lakini nataka uukumbuke vizuri kabla sijafika ninapokwenda. Wakumbuka baba alivyokuwa akitusimulia, jinsi bendi ya serikali ilivyokuwa ikiupiga huko Nairobi kabla ya uhuru, katika bustani za wakubwa, Wazungu wakila keki na kuzungumza wala hakuna aliyesikiliza. Bwana wa bendi aliwaeleza kwamba muziki ule ulitungwa Ulaya karne iliyopita, uwe wa kufungulia mchezo wa kuigiza ambao watu wake huimba badala ya kusema. Hupigwa pazia likiwa bado limefungwa. Ndani yake mtungaji ametia kionjo cha kila wimbo utakaokuja baadaye, kama mpishi anayekuonjesha kwa kijiko kabla hajapakua: hapa ugomvi, hapa machozi, hapa watu wanapatana, hapa arusi. Na mwisho wake haukubaliwi kuwa wa huzuni, kwa sababu watu wametoka majumbani mwao kwenda kucheka.

Baba mchezo wenyewe hakuuona hata siku moja. Bustanini walipiga Ufunguzi tu, kisha wakafunga masanduku. Alikuwa akisema amefungua mlango ule miaka na miaka wala hajaingia ndani. Kilichomkera zaidi ni kwamba hakujua ni nani anayelia pale katikati, na analia nini. Alimwuliza Bwana wa bendi, naye akamwambia bendi hailipwi kujua.

Ndipo aliporudi Kipini akautia kwenye beni ya arusi, akazipa sehemu zake majina yetu. Salamu ni pale mwanzo, tarumbeta zote zikilia pamoja kama watu wanaobisha hodi kwa fujo. Kisha Kilio, tarumbeta moja peke yake, polepole, mpaka mtu anashika kifua. Kisha Jeshi, kisha Mbembeo ule wa kuyumba ambao Shangazi alikuwa akiucheza hata akiwa na sinia kichwani. Na mwisho ni Mbio. Wakumbuka uliponionyesha, nikiwa mdogo, kwamba ndani ya Mbio mna Kilio? Sauti zile zile, moja baada ya moja, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa, ila sasa zinakimbia na ngoma iko nyuma yao. Nilikataa kuamini mpaka uliponipigia polepole kwa mluzi.

Na wajua desturi ilivyokuwa. Bwana arusi akifika mlangoni kwa bibi arusi, beni hupiga Kilio, watu wote husimama kimya. Wanaume huinamisha vichwa, bibi zetu hujifanya wanajifuta machozi kwa leso, watoto hushikwa kola wasije wakaanza kabla ya wakati. Mbio zikilia, mlango hufunguliwa na kila mtu anaingia kwa kusukumana. Hakuna mtu wa Kipini aogopaye Kilio, kwa sababu anajua Mbio zaja. Na Mbio kwetu zina maana moja tu, kwamba mlango umefunguliwa na mambo yamekuwa mema.

Wewe ulichapwa vidole kwa ajili ya Kilio. Ulikuwa ukikipiga huku unatabasamu, maana ulijua kinachofuata, na baba akakuambia maneno ambayo mimi niliyasikia nikiwa jikoni na sijayasahau. Alisema, ukifika Kilio, lia kama hujui kwamba Mbio zaja. Na ukifika Mbio, kimbia kama hukulia. Mpigaji asiyeweza hayo mawili, alisema, na arudishe tarumbeta akauze samaki. Yaweke maneno hayo karibu, nitayahitaji.

Sasa nije kwenye maji. Wakati ule Shangazi alikuwa bado Kipini, na mimi na baba tulikuwa shambani, ng'ambo ya mto, pale ambapo baba alihamia na mpunga wake na migomba yake baada ya mama. Arusi tuliipanga Shaabani, kabla ya mfungo. Athmani alikuwa Garsen na boti yake ya injini, akiwachukulia watu wa msaada magunia ya mahindi kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika, na alituahidi angekuja kutuchukua maji yakituwia vibaya. Lakini hayakuja kwa kishindo kama nyinyi watu wa mji mnavyodhani. Yalikuja polepole kutoka upande wa nyuma, kupitia mashambani, na tulipoyaona mbele tayari yalikuwa yametuzunguka. Baba alitoka na msahafu na sanduku la tarumbeta. Mimi nilitoka na sanduku langu la arusi, naye akanitania kwamba ni zito kuliko mahari aliyoomba. Hayo ndiyo maskhara ya mwisho niliyoyacheka kwa moyo.

Tulikimbilia kile kilima ambacho Guyo, yule jirani yetu Muorma, alikuwa akifungia ndama wake. Kukiita kilima ni heshima tu, ni mgongo wa ardhi unaotosha familia mbili na ng'ombe wachache. Guyo alikuwepo na mkewe Kaltuma na watoto wao, na ng'ombe waliosalia. Hao nao walikuwa wakifa mmoja mmoja, majike wakitupa mimba, wengine wakitoka damu puani. Guyo alitukataza kugusa nyama yao. Basi tulikaa na njaa katikati ya nyama, tukitafuna mahindi yaliyolowa, na mvua haikutupa hata muda wa kukausha nguo.

Asubuhi moja tuliuona mtumbwi umetoka mashamba ya chini, umejaa watu, unajaribu kuvuka kwenda Garsen. Kati yetu na mji mto ulikuwa umejikatia mkondo mpya, na hapo maji yalikuwa yakizunguka na kubeba magogo mazima. Mtumbwi ulipofika pale uligeuzwa mara moja. Tuliona vichwa, kisha hatukuviona. Hakuna aliyepiga kelele, si wao wala sisi. Baba alivua kofia akasimama hivyo muda mrefu mvuani, na adhuhuri ilipofika alikuwa akitetemeka, meno yanagongana, mwili moto kama jiwe la figa.

Alasiri Guyo akamwambia, kwa Kiswahili chake kile, mzee, hii pembe yako hapana kula bure, ita mashua. Guyo, wewe wamjua, hajawahi kuupenda Ufunguzi. Alikuwa akisema mwanzo yake nzuri lakini mwisho yake kama ng'ombe imeona simba. Siku ile lakini aliona mapema kuliko sisi kwamba tarumbeta ndiyo sauti pekee iliyoweza kufika mjini. Baba akaitoa sandukuni. Pumzi za kupiga Salamu hakuwa nazo, akaanzia Kilio.

Sasa nitakueleza yaliyokuwa upande wa pili, kama alivyoyasema Jairus, yule kijana Mpokomo wa Tarasaa aliyekuwa akifanya kazi na Athmani. Jairus anasema walikuwa kwenye tuta la barabara wakishusha mahindi. Tarumbeta iliposikika, Athmani alilitupa gunia lililokuwa begani likapasuka, akamwambia aingie botini, wala hakungoja itiwe mafuta. Wakaingia majini. Jairus anasema aliogopa, akamwambia Athmani kwamba pale mkondoni hapapitiki, na Athmani akaongeza mwendo. Walipokuwa wameanza kuvutwa, tarumbeta ikalia tena, sasa kwa haraka haraka. Athmani akatega sikio. Kisha akacheka, akajifuta uso kwa fulana, akageuza boti.

Hayo ndiyo aliyoyaona Jairus, na hakuongeza chumvi. Lakini Jairus ni mtoto wa Tarasaa na wa kanisani, hajasukumwa mlangoni kwenye arusi ya Kipini maishani mwake. Kwake tarumbeta ni tarumbeta. Alipoulizwa, akasema walisikia mzee akiita, wakaenda, wakasikia akiita tena, na Athmani akarudi anacheka. Na pale Garsen siku ile hapakuwa na mtu mwingine wa kwetu wa kusema vinginevyo. Basi maneno yakaenda Tarasaa, yakashuka Ozi, yakafika Kipini, na hatimaye yakakupata wewe Mombasa yakiwa yameongezwa chai.

Baba hakufa kwa maji. Alikufa kwa homa na baridi, siku kadhaa baadaye, kulipopambazuka, kichwa chake kikiwa pajani mwangu. Ndege ya msaada ilikuwa imepita juu yetu ikaangusha magunia yake mbali. Hakuteseka kwa kelele. Aliomba maji mara nyingi, na nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe, kwa jinsi maji yalivyokuwa mengi na ya kunywa yasiwepo. Sanda nilimkatia kutoka shuka nyeupe za kitanda changu cha arusi. Kaltuma alishika ncha moja nami nikashika nyingine, tukapasua. Guyo alimwosha, akamsalia, akachimba. Kaburi lilikuwa likijaa maji kila alipochimba, tukawa tunayachota kwa sufuria, mimi na Kaltuma na watoto, na mwisho Guyo akasema hayaishi haya, tumweke. Tukamweka. Nilisikia maji yakimpokea. Hilo sikutaka kukuandikia, lakini uliuliza kama alizikwa vizuri, na jibu ni kwamba alizikwa kwa sala zote na kwa mikono iliyompenda, na kwamba alizikwa majini.

Mvua ilipopungua na mkondo ukalegea, Athmani alikuja. Kaka, alishuka kwenye boti anacheka. Alikuwa na mfuko wa sukari na majani ya chai, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza yuko wapi mzee wa Mbio, maana amekuja kumlaumu kwa kufanya arusi bila bwana arusi. Kisha akaniona nilivyojifunga leso. Mfuko ulimtoka mkononi, sukari ikamwagika kwenye matope, na akapiga magoti akaanza kuiokota punje kwa punje, kama kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake siku ile. Sijapata kumwona mwanamume akiwa hivyo na sitaki kumwona tena.

Aliniuliza mara moja tu kwa nini baba alipiga Mbio. Nikamwambia aliwapigia watoto wa Kaltuma wacheze, walikuwa wakilia njaa. Shangazi naye nilimwambia vivyo hivyo, akaniangalia kwa yale macho yake akasema mapenzi yananifanya nishuhudie uongo. Wewe umesema baba hakuwa mpumbavu wa kuchezesha watoto huku homa inamla. Nyote wawili mna haki ya kutoamini. Athmani peke yake ndiye aliyeamini, au amejilazimisha. Huku sokoni watu hunyamaza akipita. Boti ameiuza. Kipini hajaenda tangu siku hizo, na wiki iliyopita aliniambia, kama kaka yako hataki, pengine kaka yako ana haki, lala ukilifikiria hilo. Alisema bila hasira. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Haroun, baba alizipiga Mbio. Nilisimama ubavuni pake, na nitakuambia alizipiga kwa nini.

Alikuwa amepiga Kilio amesimama, fimbo ya Guyo ikiwa kwapani mwake imemshikilia. Guyo, mwenye macho ya mchungaji, akasema mashua imetoka. Ina watu wawili, mmoja fulana nyekundu. Fulana ile niliijua, kiraka cha begani nilikishona mimi. Nilirukaruka kama mtoto, nikaita jina lake ingawa hapakuwa na sauti ya mtu ambayo ingefika. Baba hakuruka. Alimwuliza Guyo kama boti ile itavuka. Guyo aliyaangalia maji kwa muda, kama anavyoyaangalia kabla ya kuingiza ng'ombe, kisha akasema, hapana vuka. Hata fahali hapana vuka hapo. Asubuhi sisi naona.

Nikamwambia baba kwamba Athmani ni mtu wa Kipini, amezaliwa na boti. Akaniambia Athmani anaijua bahari, na ile haikuwa bahari, ulikuwa mto uliopata wazimu. Nikatazama na kwa mara ya kwanza nikaona alichokuwa akikiona: boti imeanza kuelekezwa chini, pua yake yavutwa kwenye mzunguko ule ule. Nikavua leso nimpungie arudi. Baba akanishika mkono. Alisema tukipunga leso ataona tunamwita, tukipiga kelele hatasikia, na nikiendelea na Kilio atakuja hata kama ni kwa kuogelea. Kisha akainama, akachota yale maji machafu kwa kiganja, akalowesha midomo, akapiga Mbio.

Nilidhani homa imempanda kichwani. Nilimvuta mkono, akanisukuma kwa kiwiko bila kutoa tarumbeta kinywani. Alizipiga zote, kaka, tangu mwanzo mpaka mwisho, na pale ndani ambapo Kilio hurudi kikikimbia hakukosea hata sauti moja. Kifua chake nilikuwa nimekisikia siku nzima kikikoroma, na sijui pumzi zile alizitoa wapi. Watoto wa Kaltuma walicheza kweli, hilo si uongo, waliruka matopeni huku mama yao analia. Na kule majini boti ilisimama. Ikayumba. Kisha ile fulana nyekundu ikageuka, ikaanza kuwa ndogo. Baba hakuacha mpaka Guyo aliposema, imefika.

Alipoketi mdomo ulikuwa umepasuka. Aliniambia, "Salama mwanangu, ningeendelea kulia ungekuwa mjane kabla ya kuolewa." Akaniusia nisimwambie Athmani maisha. Mwanamume akijua kwamba baba mkwe wake amekaa akafa ili yeye aishi, alisema, hatakuwa mume nyumbani kwako, atakuwa mgeni aketiye ukingoni mwa kiti. Mwache adhani tulikuwa tukicheza.

Nikamwuliza, na Haroun je. Akasema Haroun hakuna haja ya kumwambia. Atakaposikia kwamba nilipiga Mbio atajua mwenyewe, kwa sababu nilimfundisha.

Kumbe hukujua. Nilisubiri miezi yote hii, nikisema moyoni, Haroun akiandika ataandika kwamba amefahamu. Sikulaumu kwa ukali, maana huzuni nayo huziba masikio, na wewe ulikuwa mbali na barabara zimekatika. Lakini nilipoona maandishi yale mekundu niliumia kuliko siku ya kaburi. Mtu uliyemwita mwoga ndiye kitu cha mwisho ambacho baba alikinunua duniani, na alikinunua kwa ajili yangu. Ukimkataa, umeirudisha zawadi yake.

Baba alikuwa akisema hajui ni nani anayelia pale katikati. Aliyekuwa akilia ni yeye, na alipofika Mbio alikimbia kama hakulia. Athmani hakukisikia kilio hicho ndani ya Mbio. Ana masikio mazuri, na hakusikia kitu.

Basi njoo, kaka yangu. Nataka arusi iwe baada ya Maulidi, Kipini, kwenye nyumba yetu ya zamani, mlango ule ule. Uniozeshe kwa mkono wako mbele ya watu, wakuone, na maneno ya sokoni yafe yenyewe. Tarumbeta ninayo mimi. Guyo alinisaidia kuisafisha matope, ila kitufe cha katikati kinakwama, uje na mafuta yake. Barua hii usimwonyeshe mtu, hata wifi Afrah, na unisamehe kwa kukubebesha.

Shangazi akuombea dua. Guyo na Kaltuma wanakusalimu. Guyo amepata mtamba mmoja kwa jamaa zake wa upande wa Hola na ameanza upya. Watoto wako wabusu kwa niaba yangu, na yule mdogo mwambie shangazi yake amemhifadhia ubao wa mbuzi wa kukunia nazi ulioelea mpaka Garsen bila kuvunjika. Jibu mapema, na wino uwe mweusi.

Siku ile tutakuomba utupigie Ufunguzi mlangoni. Kilio lia utakavyo, watakudhania wafanya mchezo wa arusi, wala hakuna atakayeshangaa. Lakini ukifika Mbio, Haroun, kimbia kama hukulia. Athmani atakuwa amesimama mbele yako.

Ni mimi nduguyo,
Salama binti Mahmud.